Mlio Mmoja Baada ya Rivasi

Umeå, 14 Oktoba 2019

Tyra, mjukuu wangu,

Kuna jambo nimekuficha kwa miaka ishirini na moja. Linahusu gari la mama yako na siku aliyokufa. Holger jirani yako halijui, polisi hawalijui, mchungaji aliyemzika hakulijua mpaka naye akafa. Nitakuandikia kabla sijaondoka, na daktari ameniambia nisipange chochote baada ya Krismasi, kwa hiyo muda wa kuahirisha sina. Lakini si leo. Leo mkono unatetemeka, na jambo lenyewe linahitaji mkono uliotulia.

Usinipigie simu. Masikio yamekwisha kabisa tangu Agosti, na herufi za kwenye simu ni ndogo kama mavi ya panya. Niandikie kwa kalamu, herufi kubwa. Posta siku hizi huja siku moja na kuruka moja, lakini huja.

Hapa wananitunza vizuri. Muuguzi wangu anaitwa Selam, ana subira kuliko wanafunzi wote niliowahi kufundisha. Supu ya njegere ya Alhamisi ni maji ya njano tu.

Babu yako,
Algot


Granliden, 18 Oktoba 2019

Babu,

Nani duniani anaanza barua kwa siri ya marehemu na kuimaliza kwa supu? Nimeisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, glavu moja mdomoni. Kama siri yenyewe ni yule fundi wa umeme wa Lycksele, usijisumbue. Mama alikuwa na haki ya kucheka na mtu, na kijiji kizima kilishanieleza tangu nina miaka kumi na mbili. Kama ni kitu kingine, andika, usiniweke roho juu.

Kuhusu Krismasi, nimelia, nimemaliza, na sasa nakuletea kazi. Mtu aliyefundisha ufundi wa magari miaka thelathini na nne hawezi kulala tu akihesabu vigae vya dari.

Nimebadilisha shokapu za mbele, zote mbili. Si zile za waliotengeneza gari, ni za kampuni nyingine, niliagiza mtandaoni. Za zamani zilikuwa zinavuja mafuta na gari lilikuwa linaruka kama mbuzi. Holger alinisaidia Jumamosi kwenye banda lake. Sasa gari limetulia barabarani, raha tupu. Ila tangu siku ya tatu kuna mlio. Mbele, kushoto. Ko! Mara moja tu, kama mtu amegonga mlango kwa kidole kisha akaghairi. Halafu kimya, hata kilomita thelathini.

Unajua kazi yangu: natunza wazee kumi na mmoja kila siku, kila mmoja ndani ya msitu wake, na barafu imeshaanza kwenye kona. Niambie huo mlio ni nini.

Holger anasema, "Mwambie mwalimu shokapu za bei rahisi zina mdomo." Anakusalimu.

Tyra


Umeå, 23 Oktoba 2019

Tyra,

Umenifurahisha kuliko dawa zao. Selam aliniona nikichora shokapu kwenye kitambaa cha meza akaenda kuniletea karatasi; mchoro nimeutia humu.

Mlio mpya baada ya shokapu mpya mara nyingi hutoka juu. Anzeni juu. Fungua boneti, uone kama nati ya katikati, ile inayoshika fimbo ya shokapu, imekaza vizuri. Wengi huikaza fimbo ikiwa inazunguka nayo, wakadhani imekaa. Kisha mpira wa juu: je, vibati vyake vimepangwa kama vilivyokuwa? Kibati kimoja kikigeuzwa, chuma hugusa chuma. Weka kiganja juu ya springi wakati Holger anageuza usukani gari likiwa limesimama. Ukihisi springi inashtuka mkononi, haijakaa kwenye kikalio chake. Mwisho, angalia fimbo fupi inayounganisha shokapu na ule mtaimbo unaozuia gari kulala kwenye kona. Nati zake ni ndogo na husahaulika.

Yote yakiwa sawa, basi ni mipira mipya inajizoesha. Ipe wiki mbili. Endelea na kazi yako, usiwe na hofu.

Lile jambo lingine bado nalitafutia maneno.

Algot


Granliden, 28 Oktoba 2019

Babu,

Ripoti ya fundi wako mdogo. Nati ya juu imekaza. Vibati vimekaa kama kwenye picha yako. Nimeweka kiganja kwenye springi, Holger akageuza usukani kama nahodha, springi imetulia kama paka. Fimbo fupi haina shida. Tulibonyeza kona ya gari kwa makalio, yeye na mimi kwa zamu, mpaka mkewe akatoka nje kuuliza kama tumelewa.

"Juu hakuna kitu," Holger akasema. "Mwalimu anatupeleka juu wakati mlio uko chini."

"Umejuaje uko chini?"

"Mguu wangu unasikia. Sikio ni la walimu."

Na kweli nimeanza kuijua tabia yake. Nikiwa naenda mbele tu, kimya. Lakini kwa bibi Elsy ua ni mwembamba, lazima nitoke kwa rivasi mpaka barabarani. Natoka, naingiza gia ya mbele, nakwenda mita chache, nakanyaga breki kwenye kibao cha njia. Ko! Kila siku, mahali palepale. Jana Elsy alikuwa dirishani. Leo ameniuliza, "Gari lako limemeza nini?" Nikamwambia, "Limemeza shokapu." Akasema, "Basi halijatafuna vizuri."

Wiki mbili tangu tuzifunge zimekwisha. Bado linajizoesha?

Na hilo jambo lingine, Babu, usilitafutie maneno mazuri. Tia yoyote.

Tyra


Umeå, 1 Novemba 2019

Tyra,

Nijibu haya bila mzaha.

Ukishabreki mara ya kwanza baada ya rivasi, ukibreki tena, kuna mlio? Au ni kimya mpaka utakaporudi nyuma tena?

Ukienda kwenye barabara iliyonyooka, usukani umekaa sawa?

Pitisha mkono kwenye tairi ya mbele kushoto, upande wa ndani. Imeanza kulika?

Na Holger alipofunga zile bolti mbili za chini, zinazoishika shokapu kwenye chuma kinachobeba gurudumu, alipaka nini?

Jibu upesi.

Algot


Granliden, 5 Novemba 2019

Babu,

Umenitisha na maswali yako manne. Nimeyabandika kwenye friji.

Moja: kimya mpaka nirudi nyuma tena. Mbili: usukani umelala kulia kidogo, kama kofia ya mtu anayejidai. Haukuwa hivyo mwezi uliopita. Tatu: ndiyo, upande wa ndani umechongoka, vidole vinasikia.

Nne, unauliza kweli? Alipaka grisi! Na alipaka kwa brashi yako, ile uliyomwachia ulipostaafu, yenye jina lako kwenye mpini. Nilisimama nikamtazama. "Nyuzi, tundu, na nyuso zote mbili," akaimba, kama anavyosema mlivyokuwa mkiimba darasani. Akaniambia kabla yako watu wa huku walikuwa wakikata bolti kwa moto kila masika kwa sababu ya chumvi ya barabarani, na tangu mwalimu Algot afundishe kupaka, bolti inatoka kwa mkono hata baada ya miaka kumi. Anasema hakuna banda kuanzia hapa mpaka mpakani ambalo halina kopo la grisi ya Algot. Alisema kwa fahari, Babu. Utadhani ni yeye aliyekuzaa.

Leo nimepita pale mama alipogonga kulungu akafa. Kulungu wawili walikuwa kando ya barabara, mama na mtoto, wananiangalia tu. Nilipunguza mwendo, nikawapa nafasi, nikarudi nyuma kidogo ili wasishtuke. Kisha nikaondoka, nikabreki kwenye daraja. Ko!

Sikupenda kuusikia pale.

Tyra


Umeå, 8 Novemba 2019

Tyra,

Mwambie Holger afungue bolti zote mbili za chini, upande wa kushoto na wa kulia. Asafishe nyuso zote za chuma kwa petroli mpaka kitambaa kitoke cheupe: uso wa shokapu na uso wa chuma cha gurudumu. Pasibaki grisi hata ya kulamba. Bolti za zamani azitupe, anunue mpya, azifunge kavu, kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisha upeleke gari likapimwe magurudumu.

Usiendeshe kabla hajafanya hivyo.

Sababu ni ndefu. Niamini.

Algot


Granliden, 13 Novemba 2019

Babu,

Nimempelekea Holger barua yako. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Kisha akacheka, lakini si kicheko cha kawaida yake.

"Hii si ya mwalimu," akasema.

"Ni mwandiko wake."

"Mwandiko ni wake. Maneno ni ya dawa. Mwalimu mwenyewe aliandika kitabu. Ukurasa wa arobaini na moja, paka nyuzi na nyuso. Nimepaka magari mia tatu, Tyra. Leo anataka nioshe kwa petroli? Kesho ataniambia nitoe matairi niweke miguu ya ng'ombe."

Nikamwambia angalau akague. Akalala chini ya gari, akatia spana, hazikusogea hata nukta. "Zimekaza kama mlango wa kanisa Jumatatu," akasema. Hakutaka kuzifungua. Nadhani umemuumiza, Babu. Alirudi ndani bila kunipa kahawa, na hilo halijawahi kutokea.

Halafu juzi Selam akanipigia simu. Sauti yake nzuri, Kiswidi chake cha taratibu. "Babu yako anasema usiendeshe gari." Nikamuuliza kwa nini. Nikasikia kalamu ikikwaruza. Akasema, "Nimemwandikia swali lako kwenye karatasi. Anatikisa kichwa tu."

Sasa nisikilize mimi. Gari la akiba la kazini amepewa mwenzangu. Elsy hawezi kujidunga sindano yake ya sukari, mikono yake ni kama yako. Birger amebakiwa na mguu mmoja na jiko la kuni. Siwezi kuwaambia sikuja kwa sababu babu yangu alitikisa kichwa. Fundi niliye naye anasema bolti zimekaza. Fundi mwingine, ambaye ni wewe, alisema mwezi uliopita ni mipira inajizoesha na nisiwe na hofu. Wewe yupi nikuamini?

Mlio sasa unakuja hata kwenye kona, bila rivasi. Ko, ko. Umezoeleka, kama saa ya ukutani.

Jumamosi nimeomba ruhusa. Ninakuja kukuona, kilomita mia moja na tisini, nitaondoka saa mbili asubuhi baada ya sindano ya Elsy. Nitakuletea supu ya njegere yenye njegere.

Nipe sababu, Babu. Moja tu. Bila sababu naendesha.

Tyra


Umeå, Ijumaa 15 Novemba 2019

Tyra,

Barua yako imefika saa nne asubuhi hii. Yangu kwa posta haitakuwahi, kwa hiyo nikimaliza kuandika Selam atakupigia na kukusomea yote kwenye simu, nami nitakaa mbele yake nitazame midomo yake nione kwamba haruki mstari. Nimemwomba asinihurumie. Ukishasikia, nenda kwa Holger umwambie aje naye asikie.

Hii ndiyo sababu.

Bolti zile mbili hazishiki gurudumu kwa unene wake. Kazi yake ni kubana chuma juu ya chuma, na chuma kikavu ndicho kinachoshika. Ukipaka grisi kati ya zile nyuso, kinateleza. Kinateleza unene wa ukucha tu, kuelekea huku ukirudi nyuma, kuelekea kule ukibreki. Ndiyo ule mlio mmoja. Ndiyo maana usukani umelala na tairi inalika ndani: gurudumu limeshahama mahali pake. Holger akitia spana atakuta bolti zimekaza, kwa sababu zimekaza kweli. Zinavutwa kuliko uwezo wake, maana grisi kwenye nyuzi humdanganya anayefunga, na kila mtelezo wa chuma huzipiga kwa ubavu. Siku moja bolti ya juu hukatika. Hakuna dalili nyingine. Gurudumu hulala chini ya gari na usukani hauna cha kushika tena.

Kwa hiyo makosa si ya shokapu wala ya Holger. Holger alifanya sawasawa nilivyomfundisha. Ukurasa wa arobaini na moja niliuandika mimi. Nyuzi zilihitaji kinga dhidi ya chumvi, hilo lilikuwa kweli, na mimi nikaongeza nyuso kwa sababu zilionekana nazo zinaota kutu. Sikupima. Niliongeza neno moja kwenye kitabu kilichotumika katika mikoa mitatu.

Mama yako hakugonga kulungu.

Wewe ulikuwa sebuleni kwangu unachora. Alikuwa ameondoka uani kwangu dakika ishirini kabla, nami nikatoka na gari langu kwenda dukani. Nikamkuta kilomita nne mbele, gari limekunjamana kwenye msonobari, na yeye hakuwa na pumzi. Niliita jina lake, nikashika shingo yake, nikangoja, nikashika tena. Kisha nikaona gurudumu la mbele kushoto limelala kifudifudi, na juu yake chuma kinang'aa kwa grisi. Grisi yangu. Shokapu zile nilikuwa nimezifunga mwenyewe mwezi Septemba.

Unajua sheria yetu: anayegonga mnyama porini hufunga kitambaa mahali mnyama alipoingilia msituni, ili mwindaji aje na mbwa amfuate aliyejeruhiwa. Nilikata kitambaa chekundu kwenye skafu yangu nikakifunga kwenye tawi. Polisi walipofika nikawaambia nilimwona kulungu dume akikimbia akichechemea. Waliponiuliza kuhusu gurudumu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na elimu hiyo hapa, niliandika na kutia sahihi kwamba bolti ilikatika kwa kishindo cha ajali. Kisha bolti yenyewe nikaiweka mfukoni.

Mwindaji waliyemleta alikuwa Holger. Alitembea siku mbili na yule mbwa wake wa kijivu aliyempenda kuliko watu. Mbwa alizunguka pale kwenye kitambaa, akakaa chini, akamtazama. Hakukuwa na harufu ya kufuata. Holger aliona aibu mbele ya kijiji, kwamba mbwa wake ameshindwa kumpata mnyama aliyemuua binti wa mwalimu. Mwezi uliofuata alimpeleka nyuma ya banda akampiga risasi. Alikuja kwangu baadaye, akakaa jikoni, akaniomba radhi. Niliipokea ile radhi, Tyra. Nilimmiminia kahawa.

Baada ya mazishi ningeweza kusimama darasani na kusema, jamani, nilikosea, osheni zile nyuso. Nilibakiza miaka miwili nistaafu. Nikanyamaza, nikamwomba Mungu magari mengine yote yachakae kwa kutu kabla ya bolti zake. Mwezi uliopita ulipoandika "mbele, kushoto, mara moja," nilikupeleka juu kwenye nati na mipira kwa makusudi, nikitumaini ni kitu kingine, ili nisilazimike kuandika haya. Nimekuendesha wiki tatu juu ya aibu yangu.

Leo usiguse gari. Kwa ajili ya Elsy na Birger piga simu ofisini kwenu, mwenye gari la akiba aende. Mwambie Holger afungue bolti ya juu, upande wa kushoto, aitazame shingo yake chini ya taa. Ataona mwenyewe. Kisha awapigie simu wote aliowapaka. Kitabu changu akichome au akiweke, lakini ukurasa ule auchane, na aseme ni mimi niliyemwagiza.

Limebaki jambo moja, na hili Selam alisome polepole.

Mtu anaweza kusema nilijua baada ya kumkuta, na kwamba kabla ya hapo nilikuwa mwalimu aliyekosea tu. Si kweli. Mwezi Oktoba wa mwaka ule mwanafunzi alileta gari la baba yake shuleni lina mlio mmoja baada ya rivasi. Nilibaki nalo peke yangu wakati wa chakula. Nikafungua, nikaona uso wa chuma umesuguliwa ukang'aa na bolti imepinda. Nikaelewa yote papo hapo, kama ninavyokueleza. Niliosha kwa petroli, nikafunga kavu, nikamrudishia gari, nikamwambia ni kijiwe kilichonasa. Mchana ule nilifundisha ukurasa wa arobaini na moja kama kawaida.

Siku ile ya Novemba mama yako alisimama mlangoni pangu na funguo mkononi. Akasema, "Baba, gari linagonga mara moja nikishatoka rivasi. Ni salama?" Nilikuwa nimeijua sababu kwa siku kumi na tisa. Nikamwambia aendeshe.

Algot Wikberg